Mgeni Akigonga Meza

Nyinyi wenye pasipoti mpya ambazo bado zinanuka gundi, nina maneno na nyinyi. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo msitafute hapa maandishi ya kupendeza. Lakini nilimimina chai ya Wachina Doha miaka saba, kule The Pearl, kisiwa walichokitengeneza wenyewe kwa kumwaga mchanga baharini. Nilichojua nilikijua kwa vidole, na vingine viliungua. Majina ya walionikosea nitayataja. Watu huniambia niyaache, eti yamepita. Yalipita kwangu, si kwao.

Kwanza, hakuna kitu kinaitwa chai ya Kichina. Nilitamka hivyo siku moja mbele ya Madamu Lin, mmoja wa mabingwa wawili wa chai wa nyumba ile, akanitazama kama mtu aliyeingia hotelini akaagiza nyama bila kusema ya mbuzi ama ya ng'ombe, ya kuchoma ama ya kuchemsha.

"Chai ya nani?" akaniuliza. "Yangu ama ya yule?"

Yule alikuwa Mzee Deng, bingwa wa pili. Alikuwa amekaa hatua kumi kutoka hapo na masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Akajibu bila kugeuka, "Yake si chai. Ni dawa ya kikohozi."

Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza na Kiarabu cha jikoni. Nawaandikia kwa Kiswahili ili tusichoshane.

Madamu Lin alitoka Chaozhou, kusini mwa China, upande wa baharini. Chai yake ilipikwa kwa birika la udongo lenye ukubwa wa chungwa. Sisemi mzaha, chungwa. Ndani yake anashindilia majani mpaka yanakaribia mdomo, anamwaga maji yanayochemka kweli kweli, halafu yale maji ya kwanza anayatupa. Mara ya kwanza kuona nilishika kichwa. Nilidhani mama amekosea, nikakimbia kuleta bakuli tuyaokoe. Alinifukuza na kitambaa. Maji ya kwanza ni ya kuamsha majani, si ya kunywa. Ya pili ndiyo chai, na hayakai ndani hata muda wa kupiga miayo. Vikombe ni vitatu, vidogo kama ganda la nusu yai, na vinabaki vitatu hata wageni wakiwa watano. Wanapokezana. Unazungusha birika juu ya vikombe vyote mfululizo, usijaze kimoja kabla ya kingine, ili mtu asipate cha maji na mwenzake akapata cha wino. Matone ya mwisho, yaliyo makali kuliko yote, unayagawa moja moja.

Mzee Deng alitoka Chengdu, mbali huko bara. Yeye alimpa kila mgeni bakuli lake: kisahani chini, bakuli katikati, kifuniko juu. Ndani ni majani ya kijani yaliyolazwa na maua ya yasmini mpaka yakashika harufu. Maji yake hayatakiwi kuwa ya kuchemka. Yakitoka jikoni unayaacha yatulie, la sivyo unaivisha majani kama sukuma wiki. Anamimina kwa birika la shaba lenye mdomo mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, akiwa amesimama mbali, na tone halidondoki mezani. Unakunywa kwa kusukuma majani na ukingo wa kifuniko, na unaweza kukaa na bakuli lilo hilo tangu asubuhi hadi mchana ukisema watu. Kwa Lin ulikunywa umenyamaza, unafikiria chai. Kwa Deng ulisahau chai kabisa, ukakumbuka umbea tu. Nawaambia ukweli, ladha nilipenda ya Lin. Kukaa nilipenda kwa Deng.

Sasa mtauliza mwanamke wa darasa la sita alifikaje hapo.

Nilichuma majani chai Kericho miaka kumi na mmoja. Majani mawili na kichipukizi, ndiyo sheria. Karani wa mizani aliitwa Ombati, na huyo Ombati alikuwa na jicho la kukataa. Akiona jani la tatu kikapuni, analishika kwa kucha mbili kama panya aliyekufa, kisha kikapu kizima kinawekwa kando. Nikachoka. Akaja Perpetua, agenti, mama wa kanisa lile lile letu, akaniambia kuna kazi ya hoteli Doha. Kumbe hoteli ilikuwa nyumba ya watu, mtaa wa Abu Hamour, na aliyenipokea ni Umm Saad.

Umm Saad hakunipiga, niseme haki yake. Lakini katika miaka mitatu hakuniita jina langu hata mara moja. Alikuwa na pete nene, na alipotaka kitu aliigonga mezani. Ko, ko. Nikiwa jikoni, ko ko, nakuja mbio. Nikiwa bafuni, ko ko. Hapo ndipo nilipojifunza kumimina gahwa, ile kahawa yao ya iliki, kwa mama wa Kisudani aliyepika humo, maana Umm Saad mwenyewe alijua kugonga tu. Ilifika mahali nikisikia mtu anagonga ubao wowote, hata fundi mtaani, miguu yangu inaanza kutembea.

Basi mwaka mmoja, majira ya joto, Umm Saad akasafiri Ulaya, na mimi akanikopesha kama ngazi. Alinikopesha kwa Bu Khalid, jamaa yao, aliyefungua nyumba ya chai The Pearl, akawa anahitaji mtu wa kufagia. Karatasi zangu zilibaki kwa Umm Saad. Joto likiisha, narudi Abu Hamour. Ila Bu Khalid akinitaka moja kwa moja, basi angeomba nihamishiwe kwake, na Umm Saad asingemkatalia mkubwa wake. Kwa hiyo nilikuwa na miezi mitatu ya kuonekana. Nilipewa kitanda mtaa wa Najma, chumba cha wanawake sita, nikawa naamka nikiwa nimekunja ngumi.

Sikuonekana kwa kufagia. Nilionekana kwa takataka. Siku moja Madamu Lin alinikuta kwenye ndoo ya jikoni, nimetandaza majani yake yaliyotumika juu ya kiganja, nayafungua moja moja. Yakishalowa yanakunjuka yakawa makubwa, mazima, na shina lake.

"Unaiba?" akauliza.

"Nashangaa," nikamwambia. "Majani haya yamekomaa. Matatu, manne kwenye shina moja. Ombati angeyatupa."

"Ombati ni nani?"

Nikamweleza Ombati, mizani, kucha mbili. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akanieleza kwamba chai yake huchumwa hivyo kwa makusudi, jani likikomaa ndipo linashika harufu, na kwamba Ombati ni mjinga. Nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu mwingine aseme hivyo. Kisha akanipeleka kwa Deng, nikafungua ya Deng kiganjani: vichipukizi vitupu, vichanga, hata Ombati angepiga saluti.

"Huyu anajua jani," Lin akasema.

"Anajua jani langu," Deng akasema.

Kuanzia siku hiyo ufagio nikaushika asubuhi tu. Mchana nilimimina.

Na hapo ndipo anaingia Fredrick Onsare. Mkenya mwenzangu, supavaiza wa wahudumu, suti ya kubana na manukato ya kumwagwa. Ile nafasi ya mezani alikuwa ameitunzia binamu yake. Aliniita mathe, yaani mama, na kwa mdomo wake hilo halikuwa heshima.

Wiki yangu ya kwanza mezani alikuja mgeni mmoja, mhandisi wa kutoka kusini ya kina Lin, mtu mpole, mwembamba. Lin alikuwa simuni na nyumbani kwao, akanionyesha kwa kidole nianze. Nikamimina. Kosa la kwanza, nilijaza kikombe mpaka juu, kwa sababu kwetu kumpa mgeni kikombe nusu ni kumwambia hakupendwa. Yule mtu akakishika akaungua, akatabasamu. Halafu akagonga meza kwa vidole viwili. Ko, ko.

Nyie, damu yangu iliruka. Nikamwongezea pale pale alipopunguza. Akagonga tena. Nikaongeza. Akanywa haraka kidogo sasa, akagonga. Nikaongeza. Jasho linanitoka katika chumba chenye kiyoyozi. Nikamkimbilia Fredrick kwenye nguzo.

"Fred, mgeni anagonga. Anataka nini?"

"Si anataka haraka, mathe. Songa."

Nikasonga. Nikabadilisha majani, nikamimina kwa mikono miwili, nikamwomba radhi kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Kila nikiomba radhi anagonga, uso umemwiva. Alikwenda chooni mara nne. Mara ya nne hakurudi mezani, alipitia mlango wa upande, ila aliacha kadi yake na kuinama kidogo kuelekea kwangu. Nikamwona Fredrick nyuma ya nguzo anacheka, mabega yanatikisika.

Lin alipomaliza simu nikamweleza huku nalia. Akaketi chini. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, akamwita Deng, na hao wawili waliokuwa hawakubaliani hata juu ya maji wakacheka pamoja wameshikana mikono.

"Alikuwa anakushukuru," Lin akasema.

Akanieleza. Zamani mfalme mmoja wa kwao alisafiri kwa kujificha, amevaa kama mtu wa kawaida, na njiani akammiminia mtumishi wake chai. Mtumishi alitakiwa kupiga magoti, lakini akipiga magoti watu watajua ni mfalme. Basi akakunja vidole vyake mezani, vikapiga magoti badala yake. Tangu hapo anayemiminiwa hugonga. "Ni hadithi," Lin akasema, "lakini ndivyo tunavyofanya."

Nilikwenda stoo nikakaa kwenye katoni ya maji. Miaka mitatu ko ko ilikuwa ni kuitwa kama punda. Na hapa mhandisi mzima, mtu wa vyeti, alikuwa amenipigia magoti mara kumi na tatu, na mimi kila mara namwadhibu.

Kujifunza nikajifunza kweli. Kikombe hakijazwi, unaacha nafasi ya vidole kushika. Kwa Deng nikajifunza lugha ya kifuniko, na hii ishikeni: kifuniko kikiegemezwa kwenye kisahani, mgeni anataka maji. Kikipinduliwa chali ndani ya bakuli, amemaliza, ondoa. Kikiwa juu ya bakuli na jani dogo limewekwa juu yake, ametoka kidogo anarudi, usimpe mtu kiti chake. Mgeni wa Deng hasemi neno na wewe huulizi.

Lakini Fredrick alikuwa ameshampelekea Bu Khalid habari ya mhandisi, akaipika akaiongezea viungo: mama wa nyumbani, hana shule, amefukuza mteja. Bu Khalid hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kuamua. Akasema mama yake atakuja Alhamisi kunywa chai, na mama akiridhika nibaki, asiporidhika nirudi Abu Hamour. Umm Saad alikuwa anatua wiki iliyofuata.

Siku hiyo nilipiga pasi nguo mara mbili. Alikuja bibi mfupi, amevaa barakoa ya kizamani, ile inayong'aa kama shaba, na macho makali nyuma yake. Mwanawe alimwita Yumma, yaani mama, na sisi wote tukamwita Yumma. Akaketi kwanza kwa Lin.

Nikamimina. Akapokea kwa mkono wa kulia, akanusa, akanywa. Akarudisha kikombe, nikaongeza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Halafu akakishika kikombe kwa ncha za vidole akakitikisa, kushoto, kulia.

Nikaona uso wa Lin unapauka. Miezi yote aliyokaa Doha wageni wake walikuwa Wachina watupu na Wazungu wa kisiwani. Alidhani kikombe kina uchafu. Alikwishanyanyuka kwenda kuleta kingine.

"Umeharibu, mathe," Fredrick akanong'ona nyuma yangu. "Ongeza, ongeza haraka."

Mimi nikaweka birika chini. Nikakipokea kile kikombe kwa mkono wa kulia, nikasema kwa Kiarabu, afya kwako, Yumma. Na kwa Lin nikasema, "Hakuna uchafu. Ametosheka." Kwa gahwa ndivyo walivyo: hawasemi basi, wanatikisa finjani. Usipotikisa utamiminiwa mpaka kesho.

Yumma akahamia kwa Deng. Lo, huko ndiko alikofurahi. Deng alipoinua lile birika na maji yakapita hewani kama uzi, bibi akapiga kofi la furaha akataka tena. Lakini bakuli la Deng si finjani. Akinywa, anaegemeza kifuniko kwenye kisahani bila kujua maana yake, na Deng anajaza. Akinywa kidogo, anaegemeza, anajaza. Bibi akaamua kusema ametosheka. Akalishika bakuli zima kwa mikono miwili akalitikisa, kifuniko kikalia kama kengele ya shule. Deng akamtazama. Akafikiri anachanganya majani. Akajaza.

Bibi akatikisa. Deng akajaza. Bu Khalid anatazama simu yake. Fredrick anatazama dari. Nikamwona bibi kama mhandisi wangu yule, ila huyu amevaa barakoa.

Nikainama sikioni kwake. "Yumma, kwa huyu mzee usitikise. Pindua kifuniko."

"Nipindue vipi?"

"Chali. Hivi."

Akapindua. Birika la Deng likasimama hewani, halidondoshi tone. Yumma akakigeuza kifuniko akakiegemeza, birika likashuka. Akakipindua, likapanda. Akaegemeza, likashuka. Alifanya hivyo mara nyingi, anacheka nyuma ya barakoa mpaka ikampinda puani, na Deng naye, mzee wa miaka sitini na kitu, anapandisha na kushusha birika kama askari wa gwaride.

"Wewe umejifunza wapi finjani?" Yumma akaniuliza alipopata pumzi.

"Abu Hamour, Yumma. Nyumba ya Umm Saad."

"Umm Saad?" Akamgeukia mwanawe. "Umm Saad hajui hata kuwasha jiko. Huyu kafundishwa na njaa ya kujua." Kisha akaniuliza, "Jina lako nani?"

Nilikuwa nimezoea kugongewa. "Moraa," nikasema.

"Moraa harudi Abu Hamour," akamwambia mwanawe, akapindua kifuniko chake mara ya mwisho.

Walipoondoka nikammiminia Madamu Lin kikombe kimoja, kisichojaa. Akakunja vidole viwili akagonga meza mbele yangu, taratibu. Na mimi, kwa mara ya kwanza, miguu yangu ilibaki mahali pake.

Nilikaa hapo hadi nyumba ilipofungwa na Lin akarudi kwao. Deng naye. Siku ya mwisho niliweka kifuniko juu ya bakuli langu, na jani juu ya kifuniko, nikatoka. Deng alifunga mlango bila kukigusa.

Sasa mnajua kwa nini nimewaandikia? Mwezi jana mpwa wangu Bosibori, anayesomea huduma za hoteli hapa mjini, alikuja kunisomea daftari lake ili nione anavyoendelea. Akafika ukurasa wa wageni wa Asia. Akasoma: "Mgeni akigonga meza, anataka haraka. Ongeza bila kukawia."

Nikamsimamisha. "Nani anawafundisha hayo?"

"Mwalimu Fred, shangazi. Alifanya kazi Doha miaka mingi."

"Fred Onsare? Suti ya kubana?"

"Unamjua?"

Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Miaka yote hiyo nilikuwa nimembeba yule mtu moyoni kama jiwe, kwamba alinidanganya kwa makusudi nyuma ya nguzo ile. Kumbe hakujua. Alisimama kati ya Lin na Deng miaka yote ile, na mpaka leo hajui. Basi hilo la kugonga nimemsamehe ndugu Fredrick Onsare. Lile la kunisema kwa Bu Khalid bado. La Perpetua bado. La Ombati hata msinitajie.

Nikamwambia Bosibori anipe kalamu. Nikakata mstari wa mwalimu wake, na juu yake nikaandika kwa hati yangu ya darasa la sita, nikibonyeza ili Mwalimu Fred apate kuisoma vizuri atakaposahihisha: Mgeni akigonga meza, amekushukuru. Weka birika chini.